Shaka, Stryker na swali la semina lililonikaa kooni

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, testi zilinibana mpaka nikasahau hata nywila. Leo nimerudi na jambo moja tu, nalo ni historia, kwa hiyo wale wa sayansi vumilieni kidogo au mkachukue chai kwanza.

Yote yalianzia kwenye semina. Mada ilikuwa mabadiliko ya majeshi, na swali lililoandikwa ubaoni lilikuwa hivi: silaha mpya ndiyo inayobadili muundo wa jeshi, au muundo ndio unaoitafuta silaha? Si mnatujua sisi watu wa historia, swali kama hilo jibu lake linaitwa Shaka. Tangu sekondari tumekaririshwa: Shaka alikuta mkuki mrefu wa kurusha, akaleta mkuki mfupi wa kuchoma, jeshi lote likabadilika, likawa linapigana kwa umbo la pembe za ng'ombe. Kundi la kwanza wakasema Shaka. Kundi la pili wakasema Shaka. Mimi nikajifanya mjanja, nikasema ngoja niwaletee kitu cha karne hii. Nikaleta brigedi za Stryker za jeshi la Marekani. Nikaeleza kwa mbwembwe kwamba Wamarekani walipata gari jipya la tairi 8, wakazipanga brigedi zao upya kulizunguka gari hilo, basi silaha imebadili muundo, mjadala umekwisha.

Mwalimu wetu akaniangalia, akauliza kwa upole: "Hilo gari lilichaguliwa liendane na nini?" Nikasema liendane na vita. "Vita gani?" Jamani, nikabaki nimesimama kama mlingoti wa bendera. Darasa kimya. Nikakaa.

Basi siku kumi zilizofuata nilizimalizia kwenye swali hilo, usiku maktaba, mchana kwenye kompyuta ya rafiki. Nilichokuta si kile nilichokisema, kwa hiyo hapa najisahihisha mbele yenu.

Tuanzie mwaka 1990. Iraki iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti. Marekani ikapeleka haraka Saudi Arabia askari wa Divisheni ya 82, wale wa miamvuli. Walifika ndani ya siku chache tu, ila walifika na silaha nyepesi, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vifaru vya Saddam. Kama Saddam angeendelea kusonga, wale vijana wangekuwa kama tuta la barabarani mbele ya lori. Vifaru vya Abrams, ambavyo kimoja kina tani zaidi ya 60, vilikuja kwa meli, na kujipanga kukachukua miezi. Vita yenyewe ilianza Januari 1991. Saddam alikaa anasubiri, bahati yao.

Miaka tisa baadaye ikaja Kosovo. Aprili 1999 Marekani iliamua kupeleka helikopta 24 za Apache kutoka Ujerumani mpaka Tirana, Albania. Hapo mtu atasema ni Ulaya kwa Ulaya, jirani tu. Walikuta uwanja wa ndege umejaa tope, barabara na madaraja hayawezi kubeba vitu vizito, na kila kitu kinapigania nafasi ileile ya kutua ndege. Askari kama 5,000 waliishia pale. Helikopta 2 zilianguka kwenye mazoezi, ajali ya pili ikaua marubani 2. Vita vikaisha mwezi Juni na hakuna Apache hata moja iliyopiga risasi vitani. Kwa jeshi lenye fedha kuliko yote duniani, hiyo ilikuwa aibu, na magazeti ya kwao hayakuwaonea huruma.

Mwezi huohuo wa Juni 1999 jeshi la nchi kavu la Marekani likapata mkuu mpya, Jenerali Eric Shinseki, mtu wa Hawaii mwenye asili ya Japani, aliyepoteza sehemu ya mguu wake kwa bomu la ardhini kule Vietnam. Oktoba mwaka huo akasimama mbele ya wenzake akatoa hesabu yake. Alitaka brigedi moja ifike popote duniani ndani ya saa 96. Divisheni nzima ndani ya saa 120. Divisheni 5 ndani ya siku 30. Alisema jeshi lao zito ni zito mno kufika na jeshi lao jepesi ni jepesi mno kubaki hai likishafika, kwa hiyo anataka kitu cha katikati, na anakitaka upesi.

Hapa sasa ndipo swali la mwalimu lilipojibiwa, na nilipoliona nilicheka peke yangu maktaba. Gari lilichaguliwa liendane na ndege. Ndiyo, ndege! Ile C-130, ndege ya mizigo yenye pangaboi nne ambayo majeshi mengi duniani wanayo. Sharti lilikuwa gari liingie humo likiwa tayari kupigana, yaani lisizidi pauni 38,000, ambazo ni tani kama 17 za kwetu. Unene wa chuma, urefu, upana, vyote vikapimwa kwa tumbo la ndege. Kabla hujauliza adui ana roketi gani, unauliza kwanza mlango wa ndege una upana gani. Ni kama sisi hosteli: kitanda hakichaguliwi kwa urefu wa mwanafunzi, kinachaguliwa kwa chumba, na miguu itajijua yenyewe.

Novemba 2000 mkataba ukatoka, magari 2,131 kwa gharama ya kama dola bilioni 4. Gari lenyewe halikuwa jipya hata kidogo. Ukoo wake ni Piranha ya Uswisi, na Kanada walikuwa tayari wanatengeneza ndugu yake aitwaye LAV III. Kampuni iliyokuwa imependekeza gari la minyororo, la jamii ya M113 ya zamani, ikakata rufaa, na mpaka inakataliwa ilikuwa Aprili 2001. Ubishi wa tairi na minyororo haujaisha mpaka leo, ukiwa na muda na uvumilivu utakuta wazee wa kule wanatukanana kuhusu jambo hilo. Jina Stryker lilitolewa Februari 2002, kwa heshima ya askari wawili waliokufa vitani na kupewa nishani ya juu kabisa, Stuart Stryker wa mwaka 1945 kule Ujerumani na Robert Stryker wa mwaka 1967 kule Vietnam. Jina moja, wala hawakuwa ndugu.

Sasa angalieni tarehe vizuri, maana ndizo zilizonivua nguo. Brigedi mbili za kwanza zilianza kupangwa upya Fort Lewis, jimbo la Washington, mwaka 2000. Moja ilikuwa na vifaru, ikavikabidhi. Nyingine ilikuwa ya askari wa miguu. Na Stryker za kwanza zimefika kambini 2002. Kwa hiyo karibu miaka miwili hawa watu walikuwa brigedi ya Stryker bila Stryker! Walifanya mazoezi na magari ya kuazima, zikiwemo LAV III za Kanada, wakijifunza kuwa kitu ambacho chombo chake hakijazaliwa. Na mimi nilisimama pale semina nikasema gari ndilo lililoleta muundo. Kha!

Muundo wenyewe ndio mtamu, niwaeleze kidogo. Zamani brigedi ya Marekani ilikuwa kama mtoto anayeishi kwa wazazi. Mizinga ni ya divisheni, wahandisi wa medani ni wa divisheni, watu wa habari za adui na mawasiliano ni wa divisheni. Ikienda vitani inaazimwa vitu, kila safari watu tofauti, hamjuani majina. Brigedi mpya wakaipa kila kitu chake ndani: batalioni 3 za askari wa miguu, batalioni ya mizinga, kombania ya kupambana na vifaru, ya uhandisi, ya mawasiliano, ya habari za kijeshi, na batalioni ya huduma. Jumla askari kama 3,600 hadi 3,900 na Stryker zaidi ya 300. Wakaongeza kikosi kizima cha upelelezi, kazi yake ni kutazama na kusikiliza tu. Wazo lilikuwa kwamba kama chuma chako ni chembamba, basi macho yako lazima yawe makali: umwone adui kabla hajakuona. Ndani ya magari wakafunga skrini zenye ramani, kila gari la kwako linaonekana kama alama ya bluu, na kamanda wa seksheni anajua wenzake wako wapi bila kuuliza redioni.

Halafu kuna hesabu moja ya kijinga kabisa ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko hizo skrini. Gari la deraya la zamani, Bradley, lina bunduki kubwa juu na huko nyuma linabeba askari 6 au 7. Seksheni ya Kimarekani ni watu 9. Kwa hiyo seksheni ilikuwa inakatwakatwa, wawili huku, wanne kule, mkishuka mnaanza kutafutana kwenye moshi. Stryker inabeba 9 wote, pamoja na dereva na kamanda wa gari wanakuwa 11. Platuni magari 4. Mlango wa nyuma ukishuka, wanatoka watu waliokula pamoja na kulala pamoja. Brigedi ikawa na watu wengi wa kushuka na kutembea kuliko brigedi yoyote ya vifaru.

(Kwenye hayo mabadiliko ya Shinseki kuna kisa cha pembeni siwezi kukiacha. Oktoba 2000 alitangaza kwamba jeshi zima litavaa bereti nyeusi, kuonyesha kwamba zama mpya zimeingia. Bereti nyeusi ilikuwa ya makomandoo wa Ranger tu. Lo! Ilikuwa vurugu kuliko ya magari. Ranger wastaafu walitembea kwa miguu kutoka Georgia mpaka Washington kupinga. Halafu ikagundulika sehemu ya bereti zimeshonwa China, zikaamriwa zisivaliwe. Ranger wakahamia rangi ya kahawia. Brigedi nzima inanyang'anywa vifaru, watu wanapiga kelele kuhusu kofia. Binadamu bwana.)

Turudi. Ile saa 96 ilifikiwa? Haikufikiwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipiga hesabu mwaka 2003, ikakuta brigedi moja ingehitaji siku 5 hadi 14 kutegemea inatoka wapi na inakwenda wapi, tena ikimeza zaidi ya theluthi moja ya ndege kubwa za mizigo za nchi nzima. Na ilipofika siku ya siku, vuli ya 2003, brigedi ya kwanza ilipoitwa kwenda Iraki, magari yake yalikwendaje? Kwa meli. Kutoka bandari ya Tacoma mpaka Kuwait, polepole, kama vifaru vya 1990.

Na huko Kuwait wakayafunga kitu ambacho ukikiona utadhani ni grili za madirisha ya nyumba zetu za Sinza. Ni vyuma vya wavu kuzunguka gari lote, ili roketi ya RPG inase huko kabla haijagusa ubavu. Uzito wake kama pauni 5,000. Ukishaongeza hizo, C-130 ndiyo basi tena. Yaani lile sharti lililolipa gari umbo lake, lililoufanya ubavu wake uwe mwembamba kiasi hicho, wenyewe walilitupa kabla hawajavuka mpaka wa Iraki. Hapo niliweka kalamu chini kidogo.

Tarehe 8 Desemba 2003, siku chache baada ya kuingia, askari wao 3 wa kwanza walikufa. Hawakuuawa na adui. Ukingo wa mfereji ulititia usiku, Stryker 2 zikapinduka majini.

Lakini brigedi ikafanya kazi. Hiki ndicho kilichonichanganya. Mwanzoni mwa 2004 ilipelekwa Mosul, mji wa watu zaidi ya milioni moja, kupokea Divisheni ya 101 iliyokuwa na watu karibu 20,000. Waliopokea hawakufikia hata nusu ya idadi hiyo. Na bado waliweza kuhama barabara nzima kwa siku moja, maana tairi zinakwenda kasi na hazipigi kelele kama minyororo, ukizisikia tayari ziko mtaani kwako. Aprili 2004, hali ilipochafuka kusini, sehemu ya brigedi ilivuka nchi mamia ya kilomita kwa barabara kwenda kusaidia. Grili zilizuia roketi nyingi. Wale wenye kejeli waliokuwa wanaliita gari hilo jeneza wakapunguza sauti. Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa Mosul. Novemba mwaka huo, ikiwa ni zamu ya brigedi ya pili, polisi wa mji walikimbia vituo kwa maelfu na mji ukakaribia kuponyoka. Hakuna gari linaloweza kukupa polisi.

Tazameni basi. Kilichowasaidia Mosul ni wale watu 9 wanaoshuka pamoja, upelelezi wao wenyewe, mizinga yao wenyewe, mazoea ya miaka miwili ya kufanya kazi kama timu wakati gari halijafika. Kuingia kwenye ndege hakukuwasaidia chochote. Kwa hiyo nikataka kurudi semina niseme: muundo umeshinda, silaha ni nyongeza tu. Nilishaandika hata sentensi ya kwanza.

Halafu nikasoma habari za 2009, nikaifuta.

Mwaka huo brigedi nyingine ya Stryker kutoka Fort Lewis, iliyokuwa imejiandaa kwenda Iraki, ilibadilishiwa safari ikapelekwa Afghanistan, jimbo la Kandahar. Muundo uleule. Skrini zilezile. Watu 9 walewale. Batalioni moja iliwekwa bonde la Arghandab, kwenye mashamba ya komamanga na kuta za udongo, njia chache tena nyembamba. Gari la tairi likishajulikana litapita wapi, limekwisha. Adui hakuwa na haja ya roketi ya kupiga ubavuni palipo na grili. Alichimba barabara akazika mbolea na madumu. Na tumbo la Stryker lilikuwa bapa, kwa sababu gari lenye kimo cha kuingia kwenye ndege haliwezi kuinuka sana kutoka chini. Mlipuko unaokuta chuma bapa hauna pa kutokea, unaingia wote. Tarehe 27 Oktoba 2009 bomu moja la namna hiyo liliua wanajeshi 7 wa Marekani ndani ya Stryker moja, pamoja na mkalimani wao Mwafghani. Batalioni ile peke yake ilipoteza watu zaidi ya 20 mwaka ule.

Nilikaa na hiyo namba 7 muda mrefu. Kwa sababu ukiifuata nyuma, unafika kwenye karatasi ya mwaka 1999 au 2000 ambapo mtu fulani, kwa nia nzuri kabisa, anakumbuka tope la Tirana na kuandika: lazima liingie C-130. Magari yale hayakufika Kandahar kwa saa 96. Hayakuhitaji kufika kwa saa 96, vita ilikuwa na miaka minane tayari. Lakini tumbo lilikuwa limeshachorwa.

Walilirekebisha. Mwaka 2011 zikapelekwa Stryker zenye tumbo la herufi V, tena V mbili, mlipuko unakatwa na kutawanyika pembeni, na watu waliotoka wazima kwenye milipuko wakaongezeka sana. Ni gari zito zaidi. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu C-130.

Mengine haraka haraka. Shinseki aliondoka Juni 2003, miezi michache baada ya kuwaambia wabunge kwamba kuishikilia Iraki kutahitaji askari laki kadhaa, jibu ambalo wakubwa wake hawakulipenda. Aliyemfuata, Jenerali Schoomaker, alichukua lile wazo la brigedi yenye kila kitu chake akaligawa kwa jeshi zima kuanzia 2004, za vifaru na za miguu pia. Ila ili apate brigedi nyingi alizipa nyingi ya hizo batalioni 2 za kupigana badala ya 3. Stryker ziliachwa na 3. Mwaka 2013 jeshi likaamua kupunguza brigedi na kurudisha ile ya tatu kwa wengine. Yale magari ya kizazi kijacho ambayo Stryker ilikuwa inayashikia nafasi tu yalifutwa 2009, hayajawahi kuingia vitani. Stryker yenye mzinga wa milimita 105, ambayo wafanyakazi wake walikuwa wanachemka humo ndani kwa joto, iliondolewa 2022. Na Januari 2023 Marekani ilitangaza kuipa Ukraine Stryker 90, kwa vita ya vifaru na mizinga uwanda wazi, tofauti kabisa na zote mbili za mwanzo.

Kwa hiyo jumatatu iliyopita nimerudi semina. Nikamwambia mwalimu gari lilichaguliwa liendane na ndege, na ndege ilichaguliwa liendane na vita iliyokwisha Juni 1999. Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, hakusema ni alama ngapi. Akaniuliza tu kama na Shaka naye nimemchunguza hivyohivyo. Nikasema ndiyo, kidogo: vile vikosi vya rika havikuanza naye, vilikuwepo tangu enzi za Dingiswayo, na mkuki mfupi ulikuta vijana tayari wamepangwa. Mwenzangu wa kundi la kwanza akaninong'oneza kwamba namharibia uwasilishaji wake. Samahani sana ndugu yangu, soda nitanunua bumu likitoka.

Kabla sijazima: Mei 2025 jeshi lile lile lilitangaza mpango mwingine, sasa ni brigedi nyingi za miguu kugeuzwa kuwa za "mwendo", kila seksheni inapewa kigari kilichotokana na pikapu ya Chevrolet. Watu 9 tena. Hakina deraya kabisa, ni vyuma vya fremu na viti. Nikatafuta masharti ya uzito wake. Kiweze kuning'inizwa chini ya helikopta ya Black Hawk, na kiingie ndani ya Chinook.